Unene wa Milimita Ishirini

Kwenye vilima vya Masisi, ukipita Mweso na kushika barabara ya Pinga, alikuwako mwanamke ambaye mkono wake wa kuume ulishika jembe na kichwa chake kikashika hesabu. Jina lake Nzabandora Thacienne. Watu walimjua kwa maharage yake mazuri. Kwa hesabu hawakumjua, na hapo ndipo uchungu wake ulipoanzia.

Darasa la sita alikuwa wa kwanza. Mwalimu aliwafundisha kupima chuma bila mizani: chukua urefu, zidisha kwa upana, zidisha kwa unene, upate ujazo. Kisha kumbuka kwamba kipande cha chuma chenye desimita moja kila upande kina kilo saba na gramu mia nane. Zidisha, umepata uzito. Wenzake walisahau kabla kengele haijalia. Thacienne hakusahau hata leo, naye ana wajukuu.

Mwaka ule baba yao aliuza ng'ombe mmoja ili mtoto mmoja aende sekondari. Alikwenda kaka yake, Kanyamibwa, aliyekuwa amerudia darasa la tano mara mbili. Baba alisema msichana akijua kusoma barua inatosha, ya nini tena. Thacienne alirudi shambani. Kanyamibwa alirudi miaka sita baadaye na diploma, akapata kazi katika ujenzi wa barabara na madaraja.

Ila chuma hakijali diploma. Jioni Kanyamibwa alikuwa akija kwa dada yake na karatasi imekunjwa mfukoni.

"Dada, unihesabie hii. Mimi niko na kazi mingi."

Thacienne aliweka kando ungo wa maharage, akachukua kaa la moto lililozimika, akaandika ukutani mwa jiko. Nondo za zahanati, mabomba ya maji, mabati ya kanisa, vyote vilipita kwenye ukuta ule. Kanyamibwa alinakili kwenye daftari lake, akatia sahihi yake. Kesho yake barabarani watu walimshangilia: "Huyu Papa anapima chuma kwa macho!" Naye alicheka, na hakuwahi kusema, "Ni dada yangu." Miaka thelathini na kitu, hata mara moja.

Basi mwaka jana kukaja mabamba ya chuma ya daraja la kijito kilicho chini ya mlima. Lori lilishindwa kuteremka, likayashusha juu ya mgongo wa kilima. Yalitakiwa kubebwa na watu, moja moja, kwa kamba na miti ya mikaratusi. Karatasi ya mzigo ilisema: urefu mita nne, upana mita moja na sentimita ishirini, unene milimita kumi. Thacienne akahesabu ukutani: kilo mia tatu sabini na nne na gramu mia nne. Kanyamibwa akaandika: watu wanane kwa bamba moja. Mzigo wa kila mtu haukufika kilo arobaini na saba. Wanawake wa hapa wanabeba muhogo mzito kuliko huo na mtoto mgongoni, wala hakuna anayewaandika.

Siku ya pili Thacienne alipita pale juu akitoka shambani. Alisimama, akagusa ukingo wa bamba kwa kidole. Kidole kikamwambia kitu. Akatoa rula ya shule ya mjukuu wake kwenye kikapu, akaiweka. Milimita ishirini. Akapima kona nyingine. Ishirini.

Alfajiri ya kubeba alikwenda nyumbani kwa kaka yake. Alimwita ndani, akafunga mlango, maana mkubwa humwambii kosa lake mbele za watu. Hivyo ndivyo mama yao alivyowalea.

"Kaka, ile chuma haiko ya kumi. Iko ya makumi mbili. Uzito iko mara mbili. Batu munane hawatawezana, uite kumi na sita."

"Karatasi inasema kumi."

"Karatasi haitabeba. Mabega njo itabeba."

"Na nilisha kuambia wakubwa ya kazi: batu munane! Niende niseme nini sasa? Kama mama mumoja wa maharage njo amenifundisha?"

"Useme ulipima tena."

"Thacienne, wewe ulisomaka mpaka wapi?"

Thacienne akaufungua mlango. Alitoka. Alifika barabarani, pale juu penye mabamba, akawakuta wabebaji wanane wamekwisha kujipanga, wanataniana. Mmoja wao alikuwa jirani yake, Damascène, mtu wa kwaya, sauti nzito ya nyuma. Alimpigia kelele: "Mama Thacienne, utuwekee chakula ya kutosha, leo tunabeba bibi arusi!" Wakacheka wote. Thacienne alifumba mdomo. Kaka yake alikuwa amemfuata nyuma, naye amesimama pale.

Waliinua wakiimba. Wimbo ulikatika wenyewe. Walipiga hatua thelathini hivi, mteremko ukawashika, mtu wa mbele akapiga magoti, na bamba likaondoka peke yake. Saba waliruka. Damascène hakuwahi. Mguu wake wa kushoto ulibaki chini ya kilo mia saba na zaidi. Walimpeleka hospitalini Mweso kwenye pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili, na huko mguu ukakatwa chini ya goti.

Juma lililofuata wakubwa wa kazi waliuliza: nani alihesabu? Kanyamibwa akaja jioni kama kawaida, karatasi imekunjwa mfukoni.

"Dada, tia sahihi hapa tu."

Alisoma. *Hesabu ya uzito ilifanywa na mama Nzabandora Thacienne.* Majina yote mawili, hata herufi moja haikukosewa. Miaka yote ile kalamu ya kaka yake ilikuwa haijui kuliandika jina hilo. Leo ilikuwa imejifunza.

Alichukua kalamu. Chini ya jina lake akaandika: *Unene 20. Uzito kilo 748,8. Nilimwambia.* Kisha akatia sahihi.

Kanyamibwa aliisoma karatasi. Akaikunja, akaondoka bila kuaga. Siku tatu baadaye mtu mmoja wa kamati ya daraja alimwambia Thacienne kwamba taarifa imekwisha kupelekwa. Ilisema ajali ilitokana na mvua na matope. Siku ya ajali mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku tisa. Maharage ya kijiji kizima yalikuwa yameanikwa nje. Na jina la Thacienne halikuwamo tena.

Akapanda pikipiki, akaenda Mweso. Alimkuta Damascène amelala, blanketi limeshuka upande mmoja. Alimweleza yote, rula, unene, kilo, mlango uliofungwa. Alitaka mtu mmoja duniani ajue kwamba yeye alihesabu sawasawa.

Damascène alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, ulimuambia nani?"

"Nilimuambia kaka."

"Na sisi? Ulitukuta pale barabarani. Nilikusalimia."

Jibu lilikuwapo: heshima, mkubwa, mama yao alivyowalea. Thacienne alilitazama jibu hilo, akatazama mahali blanketi liliposhuka, akainama akalivuta.

"Rudi tu kwako, Mama," alisema Damascène, akageukia ukuta. "Pikipiki za Pinga hazikawii kuondoka."