Manjano ya Kutwanga

Binti yangu akifungua chupa ya vidonge vya manjano, harufu yake hunirudisha Temeke, uani kwa bibi.

Magoti yake yalikuwa yamevimba, vidole vimepinda, hata kopo la kutawadhia alikuwa hawezi kulishika. Dawa yake ilikuwa manjano na tangawizi, vitwangwe, vichemshwe, anywe vikiwa vya moto. Kutwanga ilikuwa kazi yangu. Manjano makavu ni magumu kama kokoto, na mie siku moja nilitaka kwenda kuruka kamba. Nikachota bizari ya mchuzi, zile pakiti za nje zilizoanza kujaa madukani, nikaichemsha, nikampelekea.

Akaonja. Akatazama viganja vyangu, visivyo na hata doa la njano.

“Umetwanga mwenyewe, mke mwenza?” Ndivyo alivyoniita siku zote, utani wa bibi na mjukuu.

“Ndiyo, bibi.”

Akainywa yote. “Ahsante. Mungu akupe mikono mizima.”

Niliporudi kutoka kuruka kamba nilimkuta kaketi chini, kinu kakibana mapajani, mchi kaushikilia kwa vifundo vya mikono kwa kuwa vidole vilikataa. Anatwanga, na kila pigo anauma mdomo. Manjano mengi yalikuwa yameshamwagika mchangani.

Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

Sasa binti yangu ananiwekea vidonge viwili kiganjani.

“Fumba mkono, mama, vitaanguka.”

Vimeshaanguka.