Maji ya Mubilizi

Kwanza nilisikia chuma. Kitu kilidondoka ndani ya beseni nyuma ya pazia, kikalia kama kengele fupi, kisha maji yakamiminwa juu yake. Pazia lilipovutwa nilimwona muuguzi, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akivaa glavu mpya. Nje Bukoba ilikuwa na jua zuri. Meno yangu yalikuwa yanagongana.

"Umeolewa?"

"Bado."

"Kuna mahali panauma? Unatokwa na damu isiyo ya siku zako?"

"Hapana. Mimi ni mzima. Nimekuja kupimwa tu."

Akacheka. "Wazima ndio ninaowatafuta. Wagonjwa wanakuja wenyewe."

Sikuweza kucheka naye. Mama yangu pia alijiita mzima. Alilima kibanja chetu cha Izigo, akaimba sauti ya pili kanisani, na damu ilipoanza kumtoka nje ya siku zake alisema ni umri. Tulipomfikisha hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Baba aliuza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, na kabla mnunuzi hajaja kuchuma tulikuwa tumeshamzika. Kipimo ambacho kingemwahi mama hakikuwa cha kulipia. Kilinigharimu nauli na siku moja ya kazi. Lakini tangu nimalize chuo nilikuwa napita mbele ya lango la hospitali nikiongeza mwendo, kwa sababu mtu ambaye hajapimwa bado anaweza kujiambia chochote.

Aliyenisukuma ni ishenkazi, dada wa baba, aliyenilea baada ya mama. "Nenda wakuone," alisema. "Sina nguvu ya kuzika tena."

Bombani jirani alimchokoza. "Mtoto mzima anafuata nini hospitali? Au kuna mjukuu njiani?"

"Akiwepo nitampa jina lako," ishenkazi akamjibu, "Mungu amwepushe tu na mdomo wako."

Kwetu, msichana hafunuliwi mbele ya watu wa nje kabla ishenkazi hajamwandaa. Hufanya hivyo siku za harusi, na ishenkazi hakuona kwa nini hospitali iwe tofauti. Alichemsha majani ya mubilizi, machungu kama nyongo, akaniamuru nijioshe nayo nje na ndani, jioni na asubuhi. Yaliniwasha hadi machozi yakanitoka. Niliamini ndiyo namna usafi unavyouma.

Muuguzi alivaa miwani, akainama na taa yake. Akaisogeza karibu zaidi. Nikaona jeneza la mama likishushwa, na udongo mwekundu uliobaki kwenye viatu vyangu.

"Umejiosha na nini?"

"Mubilizi."

"Mawe!" akashtuka kwa Kihaya. "Nimezaliwa Ijumbi, waitu, mubilizi naujua. Tulikuwa tunanyweshwa tukiwa na homa. Nani kakwambia uupeleke huku?" Alivua miwani. "Nikipaka siki, palipo na kasoro panageuka peupe. Wewe umejichubua, kote kumewiva. Siwezi kusema una kitu wala huna. Rudi mwezi ujao, na ndani usijioshe hata kwa maji matupu."

Mwezi ule niliuishi nikisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza hatua uani. Niliandika sura nzima ya riwaya niliyokuwa naitunga usiku, na kila mwanamke aliyeingia ndani yake alikuwa anaumwa. Niliifuta. Nikitoka chooni nilimkuta ishenkazi amesimama na kisu cha kumenyea ndizi, utomvu ukimkaukia vidoleni.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Usinifiche. Mama yako alinificha."

Mara ya pili tulikwenda wote. Alivaa kitenge chake cha kanisani, na jina langu lilipoitwa aliingia mbele yangu. Muuguzi hakumzuia. Siki ilikuwa ya baridi. Tukasubiri. Taa ilitembea taratibu, kisha ikasimama, na haikuondoka tena.

"Kuna doa," alisema. "Dogo."

Ishenkazi akashika ukingo wa kitanda. "Ni majani yangu?"

"Hapana, mama. Majani hayaleti hili. Yalitunyima tu kuliona."

"Ni kile kilichomchukua mama yake?"

"Kwa ninavyoona, bado. Hiki tunakichoma kwa joto mapema ili kisifike huko. Daktari akiridhika, kinachomwa leo. Asiporidhika, tutakata kinyama kidogo kiende kupimwa."

Kwa ninavyoona. Bado. Nilijaribu kuyashika maneno hayo, yakawa kama sabuni ndani ya maji. Nilitaka kuuliza daktari akitazama ataona nini ambacho yeye hakukiona, lakini muuguzi alikuwa ameshageuka.

"Mama, tupishe kidogo," muuguzi alimwambia ishenkazi. "Daktari anakuja."

Ishenkazi alinifunika miguu kwa shuka, akaichomeka pembeni kama ninavyochomekewa tangu utotoni. "Mwana wange," alisema, na lililobaki akalimeza. Alikwenda mlangoni bila kugeuka. Akatoka, akaufunga nyuma yake polepole, kwa mikono yote miwili, kama watu wanavyoufunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa.