Karatasi Iliyoachwa Kwenye Mkanda

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatano ya Majivu. Juu ya paa la jengo la ghorofa kumi na nne jijini La Paz, Casilda Poma amepiga magoti mbele ya mikanda saba ya usalama, na uso wake hauna raha.

Anachukua mmoja, anaukunja utepe wake kama upinde na kuupitisha taratibu kati ya vidole gumba, shibiri kwa shibiri. Anatafuta uzi uliokatika au mshono uliolegea. Mikanda hii hupita mabegani, kifuani na mapajani mwa mafundi wanaopaka rangi kuta za nje, wakiwa wamekalia ubao unaoning'inia kwenye kamba. Kamba ya ubao ikikatika, mkanda na kamba yake ya pili ndivyo vinavyobaki kati ya mtu na lami.

Hakuajiriwa kukagua. Casilda, mwenye miaka arobaini na mitatu, ni fundi rangi kama wenzake, na kama wao hulipwa bolivianos 180 kwa siku. Kazi hii alijitwika mwenyewe miaka minne iliyopita, baada ya mafunzo ya siku tatu ya chama cha mafundi, ambayo wanaume wa timu yake walisema hawana muda nayo.

"Niliporudi nikawaambia hakuna anayeshuka kabla sijaushika mkanda wake," anasema. "Wakacheka, wakaniita mama mkwe. Sasa nisipoushika, hawashuki."

Leo vidole vyake haviamini. Jana ilikuwa Jumanne ya challa, siku ambayo kila chombo kinachomlisha mtu hupambwa na kushukuriwa. Ndoo, ngazi, brashi na mikanda vilipangwa hapa hapa juu, vikazungushiwa tepe za karatasi za rangi, vikamwagiwa maua na bia, na Mama Ardhi akapewa sehemu yake. Kisha zikalipuliwa fataki, nyingi na karibu mno. Fungu la kwanza aliliwasha Casilda mwenyewe.

"Usiku kucha nilikuwa naziona zile cheche," anasema. "Mkanda ukipata cheche hauwaki moto ukauona. Unayeyuka kimya kimya."

Tatizo ni kwamba mapambo ya challa hayabanduliwi kwa mkono. Huachwa mpaka yaanguke yenyewe, na anayeyatoa anaonekana kama mtu anayerudisha zawadi. Asubuhi hii wamebishana karibu nusu saa. Mzee Ayaviri, msimamizi wao, hakuwa upande wowote. Alikuwa anatazama mawingu tu, maana Februari mvua haina simile, na ikishuka saa sita siku ya kazi imekwisha. Mwishowe wamekubaliana kila upande ulegeze kidogo. Casilda atatoa mapambo yote, ila kila mkanda ubaki na pete moja ya karatasi kwenye paja la kushoto, baraka isiondoke.

Aliyeng'ang'ania zaidi ni Rufino, mdogo wake wa tumbo moja. Mkewe ana mimba ya miezi saba, na hataki kuchezea bahati.

"Hicho kikaratasi kiache, dada," anamwambia akijifunga. "Wewe una vidole vyako, mimi nina Mama Ardhi. Tusinyang'anyane kazi."

Casilda anacheka kidogo, anaivuta kulabu yake mara mbili na kumruhusu. Rufino anapita ukingoni, kofia yake inazama, haonekani tena.

Mkanda wa Casilda huwa wa mwisho, na hukaguliwa haraka. Ameshauvaa tayari, anaukaza pajani, ndipo kidole gumba kinapopita juu ya ile karatasi na kukutana na kitu kigumu. Anaichana. Chini yake kuna doa jeusi linalong'aa, dogo kuliko punje ya dengu, na nyuzi za mshono zimeyeyuka na kugandana.

Anainua macho. Wenzake wengine watano bado wapo juu ya paa. Rufino yuko ghorofa mbili chini, amekalia hewa, na ana karatasi ileile mahali palepale.

Mzee Ayaviri anamnong'oneza asipige kelele. Casilda hana haja ya kuambiwa; mtu akishtuka kwenye ubao hujirusha upande mmoja, na kamba za jengo hili husuguana na kingo za zege. Analala kifudifudi, anachungulia, na kuongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kunywa chai.

"Rufi, shuka polepole mpaka roshani ya ghorofa ya kumi. Ingia, ukae chini."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Dada, ndoo yenyewe ndiyo kwanza nimeifungua."

"Ingia, mwana wa mama."

Jina hilo hamwiti ila msibani. Rufino anafunika ndoo na kuanza kushuka.

Casilda ameishika kamba ya ubao, anausikia uzito wa ndugu yake ukiteremka kiganjani. Mara kamba inalegea. Kwa muda ambao yeye anasema ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa kuzaa, hajui imelegea kwa nini. Kisha sauti inapanda kutoka chini: "Nimeingia."

Anashuka ngazi akishika ukuta. Pale kwenye roshani anaichana karatasi ya Rufino, anaupitisha utepe kati ya vidole mara tatu. Ni mzima, hauna hata uzi mmoja uliokatika.

Rufino anaweka kidole kwenye doa jeusi la mkanda wa dada yake.

"Mganga hajigangi," anasema. "Huo wako nani aliuangalia?"

 Casilda anarudi juu, anaomba kisu na kuukata mkanda wake vipande vitatu, asije mtu akashawishika kuuvaa. Anamwaga tone la pombe sakafuni, kumwomba Mama Ardhi radhi. Wale watano hawasubiri kuambiwa. Kila mmoja anabandua karatasi yake mwenyewe. Mpaka mkanda mpya ununuliwe, Casilda atakuwa anachanganya rangi chini, shingo ikimuuma kwa kutazama juu.

Mwakani, anasema, ndoo na ngazi zitapambwa kama kawaida, lakini mikanda itakaa sandukuni na fataki zitalipuliwa barabarani. "Mama Ardhi ataelewa. Hata yeye hana haraka ya kutupokea."

Rufino ameandikisha jina kwenye mafunzo ya Aprili. Casilda anataka mdogo wake akihitimu, mkanda wa kwanza atakaoushika kila asubuhi uwe ule wa dada.

"Miaka minne nimewashika watu sita," anasema. "Kumbe mimi nilikuwa naning'inia bila mtu."