Dentiste ananiita nirudie, na meno haiumi

Bandugu, huyu dentiste wa Bel-Air anatafuta nini kwangu?

Leo asubui nilisindikiza dada yangu kungoa jino. Dentiste akaniambia na miye nifungule kinywa. Akachungulia: "Meno yako yote iko muzima."

Aksanti.

"Utarudia kisha miezi sita."

Juu ya nini? Kama iko muzima, anajua namna gani itaoza? Aliweka nini mule?

Nikapita kwa mama, kule Naviundu, kumuelezea. Mama anachekaka na mukono ku kinywa. Nilizaniaka ni heshima.

Leo mikono yote mbili ilikuwa inatwanga sombe, majani ya muhogo. Akacheka wazi: "Dentiste ni wa kungoa tu!"

Niliona meno tatu tu ndiyo ilibakia.

Ule dentiste, bado simuamini. Lakini munihesabulie: miezi sita toka leo, ni mwezi gani?