Siku Nilimshika Mkwe Kiunoni

Wewe unayenisikiliza, ushawahi kushika bwana ya binti yako kiunoni, mchana, watu wakiona? Haya, nyamaza basi, mimi nikuambie.

Huku kwetu Kibugu kuna kitu tunaita nthoni. Ni aibu, lakini si aibu ya mwizi. Ni ile heshima ya mama na bwana ya binti yake. Hamsalimiani kwa mkono, hamuangaliani usoni, yeye haingii jikoni kwako, na wewe huli chochote akiona. Mimi niliishika mpaka watu wananicheka. Nikiona mkwe wangu anakuja kwa njia ya chini, naruka mtaro, naingia kwa majani chai, najifanya nachuma. Hata kama si shamba langu. Siku moja alinipata na hindi la kuchoma mdomoni, nikalisukuma ndani ya gamubuti. Likanichoma mguu, na mimi nimesimama hapo hapo nikisalimia majani.

Sasa, miaka hiyo serikali ilikuwa imesema mama asilipe kitu akienda kuzaa hospitali, na ikaweka mhudumu wa afya kila kijiji, apite nyumba kwa nyumba, ndio akina mama waache kufia jikoni. Wetu alikuwa msichana wa hapa hapa, namjua tangu akiwa na kamasi. Chifu akaita baraza, huyo msichana akasimama, akauliza kila nyumba yenye mama mjamzito: siku ikifika, nani atambeba?

Binti yangu alikuwa na mimba kubwa. Anakaa mtaa unaitwa Dallas huko Embu mjini, hospitali iko karibu tu, lakini alikuwa amekuja kwangu kupumzika sababu ati uji wa mjini hauna ladha. Nikasimama, nikajibu kwa furaha kabisa kwamba Mungu atambeba.

"Mungu hana pikipiki, cucu," akaniambia, vile huku tunaita nyanya. "Mkwe wako anayo."

Baraza ikacheka mpaka chifu akafuta macho. Mimi haraka haraka nikasema jirani yetu ako na pikapu ya kubeba kabeji, huyo ndiye atatubeba. Nikaketi, uso moto.

Basi siku moja mvua imepiga tangu asubuhi, binti ameketi kwa stuli jikoni anachagua maharagwe, akaniambia polepole, "Mami, nafikiri nimejikojolea."

Nikaangalia. Ilikuwa damu. Hana uchungu, hana kelele, ni damu tu inashuka kwa stuli inaenda kwa jivu.

Nikakimbia kwa jirani. Pikapu imeenda soko Kianjokoma. Nikapigia yule msichana wa afya simu, akaita ambulansi. Ambulansi ikasema barabara yetu ni matope, itasimama pale baying senta tunapopimia majani chai, sisi tutafute vile tutafika hapo.

Na mkwe alikuwa kwa geti. Alikuwa ameleta sukari na unga, ameweka juu ya jiwe vile huweka kila wakati, anangoja mtu atoke achukue. Nikasimama kwa mlango wa jikoni, mdomo ukakataa. Sijawahi kumwita huyo mtu. Unajua nilifanya nini? Nikaongea na ng'ombe. Nikasema, "Wewe ng'ombe, ambia mwenye pikipiki aingie ndani, bibi yake anakufa."

Ng'ombe ikaniangalia. Mkwe akaingia mbio. Akapita karibu yangu mpaka koti lake likagusa kitambaa changu cha kichwa, akabeba bibi yake, akamweka kwa pikipiki. Lakini binti alikuwa analegea, hawezi kukaa peke yake. Mtu lazima akae nyuma amshike. Mtu alikuwa nani? Ni mimi na ng'ombe.

Nikapanda. Nikashika kile chuma cha nyuma cha kubebea mizigo. Mteremko wa kwanza pikipiki ikateleza, binti akainama upande kama gunia. Mkwe akaongea bila kugeuka.

"Mama, wachana na hiyo chuma. Nishike mimi. Ukishika chuma, huyu anaanguka."

Nikapitisha mikono kwa mtoto wangu, huku na huku, nikamshika mkwe tumboni. Nikasikia akipumua. Nguo yangu imepanda juu ya magoti, kitambaa kimebebwa na upepo, nimefunga macho, naomba Mungu tu senta iwe haina watu.

Ilikuwa siku ya kupima chai! Akina mama wote wa kanisa, na vikapu, kwa laini. Yule mwenye mizani akawacha kusoma. Rafiki yangu mmoja, rika langu, akasema kwa sauti, "Leo nthoni imekanyagwa na pikipiki." Halafu akaona damu. Akafungua leso yake kiunoni, akafunika binti yangu, akamshika miguu wakimwingiza kwa ambulansi.

Hospitalini wakampasua, wakamuongeza damu. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa mlangoni, mbele ya mtoto. Daktari akaniambia damu aliyobaki nayo ilikuwa ya kumtosha kuongea tu. Nje kulikuwa na benchi moja. Tukakaa hapo na mkwe, yeye anaangalia ukuta wake, mimi wangu. Nesi akatoka akasema mama mzima, mtoto msichana. Mkwe akalia kama mtoto, na mimi nikaangalia gamubuti zangu, sababu ningeangalia wapi?

Baadaye wazee wakasema itolewe mbuzi ya kurudisha nthoni. Wakashindwa nani atoe, sababu kawaida hutoa mkwe, na hapa aliyeshika ni mimi. Mpaka leo kwa harusi wamama wakiniona wanakumbatia hewa, hivi, na nacheka nao, lakini uso unachomeka vile vile. Mkwe naye siku hizi anapiga honi mara mbili akiwa mbali, nipate nafasi ya kuingia kwa majani.

Yule msichana aliyezaliwa sasa ni mkubwa, anatoa maharagwe maganda na mimi. Juzi nilimwambia hii hadithi, akacheka mpaka akapata kwikwi. Halafu akaweka maganda chini.

"Cucu," akasema, "mimi nikipata mtoto tumboni, sitangoja kwa uji yako. Nitaenda hospitali mapema, na miguu yangu. Hutashika bwana ya mtu tena. Nakuahidi."