Bi Kufuli na Soksi Inayotekenya

Saa tatu kasoro asubuhi, Bi Kufuli anabandua bango ukutani kwa kucha.

Bango lenyewe ni zuri. Lina picha ya soksi isiyozidi kidole gumba, na mishale myekundu inayoeleza kila waya unakwenda wapi. Ndiyo dhambi yake: linaeleza. Muda si mrefu chuo kikuu kitafungua milango kwa wananchi, na kila mwenye macho ataelezwa.

"Nani kabandika hili?" anauliza.

Ghafla katika maabara nzima hakuna mwenye mikono.

Jina lake halisi limo kwenye mikataba. Chuoni wanamwita Bi Kufuli, naye huitika. Ofisi yake, iliyobanwa kati ya stoo na choo cha wanaume, ndiyo inayovusha uvumbuzi wa watafiti wa tiba kutoka maabara hadi wodini. Anatafuta mwanasheria, anatafuta kiwanda, anatafuta hospitali ya kujaribia. Lakini kabla ya yote hayo, kazi yake ni kuwanyamazisha wasomi, viumbe waliolipwa maisha yao yote ili waseme.

"Ukimwambia kuku asitage, atakuelewa mapema zaidi," anasema.

Sababu ni hataza, haki ya kisheria inayozuia wengine kuiga uvumbuzi bila ruhusa. Hutolewa kwa kitu ambacho dunia haijakijua. Kikishatangazwa hadharani kabla ya ombi kupokelewa, haki inaweza kupotea, na kiwanda hakiweki mtaji kwenye kitu ambacho jirani atakiiga kesho.

Anayajua maumivu hayo. Miaka miwili iliyopita mtafiti mmoja alialikwa redioni asubuhi kuzungumzia usafi wa mikono. Akanogewa. Kabla ya taarifa ya habari alikuwa ameshataja, kwa mpangilio mzuri kabisa, jinsi ya kutengeneza dawa yake mpya ya vidonda vya moto. Kiwanda kilijitoa wiki hiyohiyo.

"Dawa ipo mpaka leo. Iko kwenye friji yetu, karibu na maziwa ya chai," anasema Bi Kufuli, na hacheki.

Safari hii ni soksi ya watoto njiti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati husahau kupumua, na muuguzi humkumbusha kwa kumgusagusa unyayo. Wodi ikiwa na watoto wengi na muuguzi mmoja, unyayo mmoja unaweza kusubiri. Soksi haisubirishi: inausikiliza mwili, pumzi ikisita, kijimota kinatekenya. Aliyeibuni ni Profesa, mtu mpole mwenye kasoro moja tu, kwamba hajawahi kuulizwa swali akalipita salama.

Mwanasheria alikwisha kuandaa ombi la hataza. Bahati mbaya, mtandao wa ofisi inayopokea maombi hayo ulizimika jana, na mpaka asubuhi hii haujaamka.

"Ahirisha basi, Profesa wangu," Bi Kufuli anamsihi.

"Dada, wageni wameshafika getini. Nitawaonyesha mashine za zamani."

"Na ukiulizwa?"

"Nitajibu kwa kifupi."

"Kifupi chako ninakijua."

Siku hizi hata nyumbani hasemi kitu. Mumewe, mwalimu wa hesabu, amempa pole kwa namna yake: "Mke wangu, hata chumvi ikizidi husemi. Ndoa yetu nayo inasubiri hataza?"

Milango inafunguliwa. Wanaingia wazazi, wanafunzi, wastaafu waliofuata viti na kivuli, na bwana mmoja wa kiwanda cha vifaa vya hospitali. Profesa anaonyesha mashine za zamani kwa unyenyekevu unaotia mashaka. Bi Kufuli anamfuata nyuma kama mlinzi wa benki.

Katikati ya chumba kuna kisanduku cha kioo cha kutunzia watoto njiti, na ndani yake mwanasesere. Ni pambo tu. Bi Kufuli mwenyewe aliridhia liwekwe.

"Mbona mguu wake unacheza?" anauliza bwana wa kiwanda.

Bi Kufuli anageuka. Mwanasesere amevaa soksi. Siyo soksi ya dukani. Ni ile yenyewe. Na kwa kuwa mwanasesere hapumui wala hatarajii kupumua, soksi inamtekenya kwa uaminifu wote, bila kuchoka, inajaribu kumwokoa.

Anamtazama fundi wa maabara, jitu la miraba minne.

"Alikuwa miguu mitupu, mama," fundi ananong'ona. "Niliona aibu wageni wakija. Soksi hii ilikuwa mezani, nikamvika."

Bi Kufuli anavua sweta lake na kulitandaza juu ya kioo. "Mtoto amelala jamani," anasema. Wastaafu wanacheka. Bwana wa kiwanda hacheki. Anamgeukia Profesa.

"Profesa, nini kinauchezesha ule mguu?"

Profesa anafumbua kinywa. Bi Kufuli anasema baadaye kwamba alishaiona soksi kwenye friji, pembeni ya ile dawa. Watu wanasogea. Jibu limemjaa Profesa mpaka machoni.

"Sijui," anasema.

Neno hilo, kwa ushahidi wa wenzake, halikuwahi kutoka kinywani mwake tangu aajiriwe. Anaomba radhi, anakwenda kusimama nje peke yake.

Bi Kufuli anampigia mwanasheria simu akiwa stoo, katikati ya mifagio.

"Waliona nini hasa?"

"Mguu wa mwanasesere unacheza."

"Waliambiwa kwa nini unacheza? Waliona nyaya?"

"Hapana."

"Basi wameona mguu, hawakuona uvumbuzi. Lakini usinifanyie tena hivyo, dada. Nina presha."

Mtandao ulirudi alasiri. Ombi likapokelewa, na ndiyo maana gazeti hili linaruhusiwa kuitaja soksi. Profesa alipopewa habari alieleza bila kituo mpaka mlinzi akaja kufunga jengo.

Bi Kufuli bado hajalala vizuri. Ombi kupokelewa si ushindi. Kati ya vumbuzi kumi na moja alizoshughulikia, moja tu imefika sokoni. Bwana wa kiwanda amekubali kuja kuiona soksi rasmi wiki ijayo, na hajasema kama atanunua. Hospitali inataka ijaribiwe kwanza. Mkataba wake mwenyewe unaisha kabla ya majaribio hayo, na hajui kama utaongezwa.

"Wasipouongeza nitakuja kama mgeni," anasema. "Nataka niingie wodi ya njiti saa za zamu ngumu, nimkute muuguzi amekaa kwenye kiti. Amekaa tu, anakunywa chai, na watoto wote wanapumua. Nikimkuta amesimama, nitajua bado nina kazi."