Sanduku Mbele ya Altare

Juzi pale Mazwi niliona abiria wa bodaboda amebeba mgongoni sanduku jeusi refu, nikakumbuka mchana mmoja kanisani Kaengesa.

Mdogo wangu Pendo alikuwa amelazwa. Shangazi alinipeleka kusikiliza muziki wa bure wa wageni, kanisa likinukia nta na makoti yaliyolowa mvua. Mzee mmoja akaingia na sanduku jeusi, akalilaza polepole mbele ya altare. Watu wote wakanyamaza. Lilikuwa na urefu wa Pendo, nami nikajua ni yeye.

“Shangazi, mbona mama hajaja?”

“Yuko wodini, anamnywesha Pendo uji wa ulezi.”

Sikumwamini mpaka sanduku lilipofunguliwa, ikatoka fidla kubwa inayong'aa. Niliangua kicheko kanisa zima likageuka, na hakuna aliyekuwa amepiga hata noti moja.